Jumatatu baada ya kambi: siku ya mwalimu wa Chipukizi, skauti watoto wa shule

Saa kumi na mbili unusu asubuhi. Limuru, kaunti ya Kiambu, mwezi wa Julai haina jua la kutegemea, kwa hiyo kazi ya kwanza ni mahema. Yamerudi jana kutoka Rowallan, kambi ya skauti iliyo kando ya msitu wa Ngong jijini Nairobi, yamekunjwa na umande wake. Hema la turubai likiachwa hivyo siku chache huota ukungu mweusi kwenye mishono, na mshono ulioota ukungu huoza hata ukiusugua kwa brashi. Walimu wawili na watoto wa zamu huyatundika ukumbini, madirisha yote wazi, upande wa ndani ukitazama nje na pembe zikining'inia ili maji yachuruzike. Zipu zote hufunguliwa. Vigingi huoshwa kwenye karai, hupanguswa na kuhesabiwa: 14 kwa kila hema, mahema sita, jumla 84. Vikipungua, aghalabu vimebaki upande ule uliochimbwa mfereji wa maji, maana udongo unaotupwa pembeni huvifunika vichwa, na mtoto anayeng'oa hema kwa haraka havioni.

Saa moja unusu. Vitu vilivyosahaulika hupangwa juu ya meza mlangoni pa ofisi: soksi, sweta, mswaki, kijiko. Jina liandikwe ndani ya kola kabla ya safari. Soksi ambazo hazijapata mwenyewe kufikia Ijumaa hufuliwa na kuwekwa kwenye sanduku la akiba la kambi, kwa sababu kila kambi kuna mtoto anayelowa miguu usiku wa kwanza na hana jozi ya pili.

Saa mbili kamili, gwaride. Wimbo wa taifa, bendera, matangazo. Hatuwaiti mbele waliokwenda kambini ili wapigiwe makofi. Katika Gredi ya 5 na ya 6 wapo ambao hawakwenda: mmoja ada haikupatikana, mwingine alikuwa mgonjwa, mwingine familia haikubali watoto walale nje. Ukiifanya kambi kuwa sherehe ya nusu ya darasa, nusu ya pili watakaa kimya wiki nzima, na kazi kuu ya leo, watoto kutafakari muhula wao, itakuwa imeharibika kabla ya kengele ya kwanza.

Saa mbili na dakika ishirini, vipindi viwili vya mwanzo. Hisabati na Sayansi huendelea kama kawaida. Wengine wanasinzia, na ni haki yao. Kazi za mdomo na za ubaoni huwafaa kuliko zoezi refu la daftarini.

Saa nne kasoro dakika kumi. Hapa ndipo siku ilipo. Tunaunganisha vipindi viwili vya dakika 35, dakika 70 bila kukatizwa, na hatukubali kupunguza. Tafakari ya dakika 20 huzaa sentensi moja tu, ileile kwa kila mtoto: nimejifunza umuhimu wa ushirikiano. Watoto hawadanganyi wanapoiandika. Wameulizwa swali pana, nao wamelijibu kwa neno wanalojua kuwa mwalimu analipenda. Swali la "umejifunza nini kambini?" tumeliondoa kabisa.

Tunaanza na muhula mzima, kambi ikiwa sehemu yake. Karatasi nne za manila hubandikwa ukutani, safu moja kwa kila wiki tangu shule ilipofunguliwa. Kila mtoto hupewa vipande vitatu vya karatasi, aandike mambo matatu yaliyotokea muhula huu, kisha avibandike kwenye wiki anayodhani ni yake. Mashindano ya mpira ya kanda, mazoezi ya shairi la tamasha la muziki, Siku ya Madaraka, mapumziko ya katikati, shimo la mboji lililofurika maji, mtihani, kambi. Watabishana kuhusu wiki, na waachwe wabishane kwa dakika kumi. Mtoto anayesema "hapana, mboji ilikuwa kabla ya mpira, kwa sababu viatu vyangu vilikuwa bado na matope siku ya mechi" tayari anatafakari, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ukuta ukijaa, darasa zima huona ni wiki zipi zilizobanana. Mara nyingi ni ya sita hadi ya tisa, ambapo mazoezi ya shairi, mechi na mtihani wa katikati huangukia watoto walewale. Jambo hili mkuu wa shule anapaswa kuliona kwa macho yake, kwa hiyo hualikwa kuja kusimama mbele ya ukuta huo kwa dakika tano.

Kisha kikapu. Ndani yake kuna vitu vya muhula: kigingi kilichopinda, kiberiti kilicholowa, mwiko ulioungua ncha, kipande cha kamba chenye fundo lisilofunguka, filimbi ya refa, nakala ya shairi yenye alama za kalamu, mbegu za sukuma wiki, kadi ya maktaba. Vitu vya kambini visizidi nusu. Kila jozi huchagua kimoja. Mmoja huzungumza dakika tatu, mwenzake akisikiliza bila kukatiza, kisha wanabadilishana. Saa ya mchanga au simu ya mwalimu ilie, la sivyo wasemaji watameza muda wa wakimya.

Kuandika huja baada ya hapo, dakika 25. Maswali ubaoni ni manne na hayabadiliki sana kutoka muhula hadi muhula: Ulishika nini mkononi, na ulifanya nini nacho, hatua kwa hatua? Ni wapi kilipokwama? Nani alikuwa karibu, na alifanya nini? Ukipewa kazi hiyohiyo Ijumaa ijayo, utaanza na nini?

Chukua mwiko. Mtoto aliyepika ugali wa watu sita alipewa unga kilo moja na maji lita mbili. Swali la kwanza litamfanya aseme kwamba walitia unga maji yakiwa vuguvugu, kwa sababu kuni zilikuwa mbichi na kikundi kilikuwa na njaa. La pili litamfanya ataje madonge. La tatu litamkumbusha nani alipunguza kuni chini ya sufuria, na nani alizidi kuzisukuma ndani hadi ugali ukashika chini huku juu ukiwa mbichi. La nne ndilo lenye thamani: nitakusanya kuni jioni iliyotangulia na kuzifunika kwa turubai. Sentensi hiyo moja imebeba sababu, matokeo na mpango, na ushirikiano umo humo ndani bila kutajwa.

Lugha isiwe ukuta. Nakala ya kwanza iandikwe kwa mchanganyiko wowote anaoutumia mtoto, Kiswahili, Kiingereza, Kikuyu au Sheng. Tahajia na sarufi ni za kipindi cha Kiswahili cha Jumatano, anaponakili upya. Ukichukua kalamu nyekundu mapema, mtoto ataandika maneno anayojua kuyaendeleza tu, na lile lililomgusa halitafika kwenye karatasi. Anayeshindwa kuandika achore. Waliocheza mchezo wa alama za njia hupenda kuchora mishale ya mawe na ile duara yenye nukta katikati, yenye maana ya "nimekwenda nyumbani". Alama hiyo ndiyo iliyo kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, na watoto wa Kiambu hufurahi kujua kwamba historia hiyo iko umbali wa safari ya asubuhi moja.

Hakuna anayelazimishwa kusoma kwa sauti. Chini ya kila karatasi kuna sehemu ya kukunjwa, isomwe na mwalimu peke yake. Humo hutoka mambo ya usiku: aliyelia akimtaka mama, aliyelowesha mfuko wa kulalia, aliyeogopa kwenda choo gizani. Kuna hili pia, na walimu wote wa kambi walishike: mtoto akiandika kwamba mtu alimgusa au alimtisha, hiyo imekwisha kuwa taarifa. Haiwekwi kwenye jalada, haijadiliwi kwenye chumba cha walimu. Hupelekwa siku hiyohiyo kwa mkuu wa shule na kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto, na mwalimu hamhoji mtoto kwa udadisi wake mwenyewe.

Saa tano, uji. Saa saba kasoro dakika ishirini, githeri.

Saa nane mchana. Vikundi sita, kila kimoja kimechanganya waliokwenda kambini na waliobaki, hutengeneza orodha ya marekebisho. Sheria ni moja: kila lalamiko liambatane na kifaa, mtu au saa. "Kulikuwa na baridi" hairuhusiwi. "Tulitandika turubai moja chini, na baridi ilipanda kutoka ardhini, tunahitaji nyasi kavu au gunia chini yake" inaruhusiwa. "Hema lilivuja" hurudishwa hadi waseme lilivuja wapi. Kwa kawaida ni pale mabegi yalipoegemezwa kwenye kitambaa, kwa kuwa turubai lililolowa likiguswa kwa ndani hupitisha maji mahali palepale. Waliobaki shuleni huwa wakali na wazuri hapa, kwa sababu wanauliza maswali ambayo wenzao wanaona yana jibu la wazi. Nao wana orodha yao: nani aliyemwagilia kitalu wikendi, na kwa nini mche wa tatu ulikauka.

Saa tisa na robo, michezo. Mwalimu mmoja huenda uwanjani, mwingine hubaki na karatasi.

Saa kumi. Kusoma. Hatutoi alama kwa tafakari, ila tunatumia vigezo vya mtaala kuandika maoni: kuzidisha, kufikia, kukaribia matarajio au kuwa mbali nayo. Tunaangalia jambo moja tu, kama mtoto ametaja sababu. Aliyesema kilichotokea bila kusema kwa nini anakaribia. Aliyetaja sababu amefikia. Aliyetaja sababu pamoja na hatua atakayochukua amezidisha. Mwandiko haumo. Ukiuingiza, watoto wenye mwandiko mzuri watapata sifa ya kufikiri ambayo pengine hawajaifanyia kazi, na mwenye mwandiko mbaya aliyetatua tatizo la kuni ataonekana dhaifu.

Saa kumi na moja kasorobo. Ujumbe kwa wazazi, mistari mitatu: vitu vilivyobaki mezani, mtoto alale mapema leo, na ombi la kumwuliza mtoto aeleze jinsi hema linavyosimamishwa badala ya kumwuliza kama alifurahia. Mzazi akiuliza kama alifurahia atajibiwa "ndiyo" na mazungumzo yataishia hapo.

Saa kumi na moja unusu. Nakala moja ya kila tafakari huingia kwenye jalada la mwanafunzi. Orodha za vikundi hufupishwa kuwa marekebisho matano, kila moja na jina la mhusika na tarehe, kisha hubandikwa ndani ya mlango wa stoo, mahali ambapo anayekuja kuchukua mahema muhula ujao hawezi kuzikosa. Karatasi ambazo mtoto ameuliza swali hutengwa na kujibiwa kwa mkono jioni hii, hata kwa sentensi moja, ili kila mmoja aikute yake juu ya dawati kesho kabla ya kipindi cha kwanza.