Kihariri cha bloku kikigoma kutokea kwenye WordPress

Tangu toleo la 5.0, Desemba 2018, WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) huja na kihariri cha bloku tayari, yaani cha kuandika ukurasa kwa vipande viitwavyo bloku. Ukikuta bado kile kisanduku kimoja cha zamani cha kuandikia, basi kuna kinachozuia kihariri kipya. Mara nyingi ni programu-jalizi (plugin) ya Classic Editor, inayorudisha kihariri cha zamani. Izime, upakie ukurasa upya.

Kama shida iko kwenye aina ya maudhui uliyoisajili mwenyewe, fungua msimbo wenye register_post_type, amri inayoisajili. Weka 'show_in_rest' => true, na 'editor' iwemo kwenye orodha ya supports. Hiyo ya kwanza ndiyo husahaulika, na bila yake kihariri hakitokei kabisa, maana huhifadhi kazi kupitia REST API, njia ambayo kihariri hutumia kuwasiliana na tovuti.

Njia hiyohiyo ikikatika, ukihifadhi utaambiwa jibu si JSON (muundo wa data wa njia hiyo) halali. Nenda kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu (Permalinks), bofya kuhifadhi bila kubadili kitu. Sheria za anwani huandikwa upya. Bado? Chunguza kama programu-jalizi ya ulinzi imefunga /wp-json/, anwani ya REST API.

Makala za zamani zitafunguka kama bloku moja ya Classic. Usizigeuze kwa pupa (majedwali yaliyobandikwa kutoka Word ni balaa): jaribu moja, ulinganishe na ukurasa ulio hewani, ndipo uendelee.