Biberoni iliyokataa kuacha harufu

Mtaani kwetu Goma maji ya bidoni (madumu) hutoka Ziwa Kivu, kwa hiyo biberoni, yaani chupa ya maziwa ya mtoto, nilikuwa naichemsha kila siku. Bado ikanuka maziwa machachu! Mama mkwe ndiye aliyeichomoa chuchu kwenye pete yake: chini palikuwa na utando mweupe, unateleza. Kumbe nilikuwa nachemsha uchafu tu. Sasa natenganisha kila kipande, nasugua kwa brashi na sabuni, nasuuza, ndipo navitumbukiza kwenye sufuria. Maji yavifunike kabisa, viputo vya hewa visibaki ndani. Yakichemka kwelikweli, nahesabu dakika 10. Kitambaa cha kufutia nimekistaafisha, vinakauka vyenyewe kwenye sinia safi. Makaa ya jiko yanaisha upesi, hilo nakubali. Harufu haijarudi.