Siku moja maishani mwangu: daktari wa wanyama na mbwa wenye kifafa

Saa 1:00 asubuhi. Nafungua kliniki yetu Mbezi, Dar es Salaam. Kabla ya chai nampa dozi ya fenobabitali, dawa ya kuzuia kifafa, mbwa aliyelala hapa. Mwenye mbwa alimwachisha vidonge ghafla kwa kuwa alikaa miezi mitatu bila kuanguka. Juzi akaanguka mara nne kwa siku moja. Inaniuma, maana ilizuilika.

Saa 2:40. Simu inaita. "Daktari, Simba anakufa!" Namuuliza, "Ameanza saa ngapi, mama?" Hajui. Namwambia atazame saa sasa hivi, azime redio, asogeze meza, wala asimtie mkono au kijiko mdomoni. Mbwa hamezi ulimi wake, ila anaweza kukung'ata bila kujua. Akipitisha dakika tano bado anatapatapa, hiyo ni dharura: mwili unapanda joto na ubongo unaanza kuumia. "Mpakieni mje."

Saa 3:10. Bajaji inaingia. Simba, German Shepherd wa miaka mitatu, bado anatetemeka, povu limejaa mdomoni. Joto lake 41.3. Mshipa haushikiki kwa jinsi anavyorusha miguu, kwa hiyo diazepamu, dawa ya kukatiza kifafa, inapita kwanza njia ya haja kubwa. Msaidizi wangu anamlowanisha maji na kuwasha feni, mimi napima sukari. Miguu inalegea. Sasa napata mshipa.

Kijana aliyemleta anasema jirani alishachukua rungu, akidai ni kichaa cha mbwa. Mbwa wangapi wenye kifafa wameuawa hivyo! Lakini hofu yenyewe haitoki hewani, nami nimevaa glavu. Naomba kadi ya chanjo: ipo, haijapitwa. Ameng'atwa na mbwa mgeni? Hapana. Sumu ya panya, dawa ya kupuliza bustani? Hakuna.

Saa 6:00 mchana. Ameamka, anazunguka chumba na kugonga ukuta kama kipofu. Mama anadhani ameharibika. Namtuliza: hali hii hutokea baada ya kifafa, na mara nyingi hupita.

Mchana unakwenda kwa chanjo, kupe na paka mmoja mkali.

Saa 10:00 jioni. Majibu ya damu ni safi. Mama ananionyesha video ya simu, Simba akianguka mwezi uliopita; video hiyo imenisaidia kuliko maelezo ya watu watatu. Kifafa kisicho na chanzo kinachoonekana huanza zaidi kati ya miezi sita na miaka sita, na Simba yumo humo.

"Atapona, daktari?"

"Huenda akameza vidonge maisha yake yote, mama. Kila baada ya saa 12, bila kuruka. Baada ya wiki mbili tunapima kiwango cha dawa kwenye damu. Na usiache bila kuniuliza, hata akionekana mzima kabisa."

Anaandika kila neno nyuma ya kadi ya chanjo.

Saa 1:00 usiku. Dozi ya jioni, mbwa wawili sasa. Simba analala hapa, maana akianguka tena kabla ya kesho asubuhi nataka awe karibu na sindano. Amekunywa maji mwenyewe, na nilipomwita jina, mkia umetikisika.