Jinsi nilivyofanya mafuta ya pikapu yakubalike kwenye kodi

Jamani hili limenitesa, mie nabeba machungwa toka Muheza kuja Tanga mjini, mwaka juzi gharama za mafuta zikakataliwa karibu zote, risiti nyingi za mkono na zile za mashine nilizitupa kwenye dashibodi, jua likala maandishi yote karatasi nyeupe pe. Sasa kila nikijaza mafuta nadai risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yenye jina na TIN yangu, yaani namba ya mlipakodi, napiga picha palepale. Daftari liko garini, kilomita za kazi mbali na za nyumbani mbali, maana Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inataka gharama ya biashara tu, kumpeleka mama Pangani haimo. Na uchakavu msisahau, yaani gari kushuka thamani, nao unahesabiwa kama gharama, pikapu ndogo ni asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Safari hii zimepita.