Nilivyofaulu mtihani wa leseni ya usanifu majengo baada ya kuanguka mara mbili

Nilikuwa na miaka saba kazini nilipofanya mtihani wa leseni kwa mara ya kwanza. Majengo niliyoyachora yalikuwa tayari yana watu ndani. Nilishakesha saiti zege likimwagwa, nilishabishana na mafundi juu ya mteremko wa paa mpaka tukaelewana, na ofisini vijana waliotoka chuo waliletwa mezani kwangu wafundishwe kuchora ngazi. Niliingia bila hofu, nikaanguka. Miezi minne baadaye nikarudia, nikaanguka tena, na safari hii sehemu iliyoniangusha ilikuwa ya usimamizi wa ujenzi, kazi niliyokuwa naifanya kila siku.

Hilo lilinisumbua kuliko kushindwa kwenyewe. Ningeangushwa na hesabu za joto na unyevu ningeelewa, kwa kuwa ni mambo ambayo sikuyagusa tangu chuoni. Lakini mtu anaangukaje kwenye kazi inayomlisha?

Jibu nililipata kwenye swali moja la mazoezi nililolikosea mara tatu kwa nyakati tofauti. Swali lenyewe lilikuwa fupi. Mkandarasi ameleta mchoro wa karakana, ule unaoonyesha jinsi kiwanda kitakavyotengeneza vipande vya chuma, na ndani yake kuna badiliko dogo kwenye kiungo ili kurahisisha kazi ya fundi. Msanifu afanye nini kwanza? Mara zote tatu nilichagua jibu la kuukagua mchoro, kuhakikisha vipimo vinaoana na michoro yetu, kisha kuugonga muhuri ili kazi isisimame. Ndivyo tulivyozoea kufanya ofisini. Jibu sahihi lilikuwa kuupeleka kwanza kwa mhandisi miundo aliyekokotoa kiungo kile, kwa sababu mwenye hesabu ni yeye.

Mara ya tatu nilikasirika, nikaanza kutafuta kwa nini watunga mtihani wanaling'ang'ania jambo hili. Nikafika kwenye habari ya hoteli ya Hyatt Regency huko Kansas City, Marekani. Ndani ya ukumbi wake mkubwa palikuwa na madaraja ya kupitia watu, moja ghorofa ya nne na jingine chini yake ghorofa ya pili, yote yakining'inizwa kutoka juu kwa fito za chuma. Katika usanifu wa awali, ufito mmoja mrefu ulitoka juu, ukapita kwenye boriti ya daraja la juu na kuendelea hadi la chini, kila daraja likikaa juu ya nati yake. Karakana ikapendekeza ufito ukatwe uwe vipande viwili: kimoja kishike daraja la juu, na kingine kianzie kwenye boriti za daraja hilohilo kwenda kushika la chini. Kwenye karatasi ni badiliko dogo sana. Lakini nati ya daraja la juu, ambayo ilipaswa kubeba daraja lake tu, sasa ilibeba yote mawili. Mzigo wake ukawa mara mbili. Michoro ile iliidhinishwa pasipo mtu kukokotoa upya kiungo kile. Tarehe 17 Julai 1981, ukumbi ukiwa umejaa watu waliokuja kucheza dansi, madaraja yalianguka na watu 114 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba hata ule usanifu wa awali haukufikia nguvu iliyotakiwa na kanuni za mji.

Niliisoma habari hiyo usiku nikashindwa kulala. Niliihesabu michoro ya karakana niliyowahi kuipitisha kwa haraka, kwa nia njema kabisa, kwa sababu mkandarasi alikuwa akipiga simu.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba mtihani wa leseni haupimi kama unajua kusanifu. Chuo kimeshalipima hilo. Mtihani unauliza jukumu hili ni la nani, na ni wakati gani linatoka mkononi mwake kwenda kwa mwingine. Ofisini mipaka hiyo hufifia kwa sababu tunasaidiana, tunawahi, tunaaminiana. Kwa hiyo kadiri unavyokaa kazini ndivyo unavyoweza kuwa hatarini zaidi kwenye mtihani, maana unajibu kwa mazoea ya ofisi yako. Nawaambia hivi hasa wenzangu wenye uzoefu mrefu ambao wanaona aibu kuanza kusoma upya.

Nikayaweka kando madaftari yangu ya kukariri, nikafungua moja jipya la makosa. Kila swali nililokosea niliandika nililochagua, kilichonifanya nilichague, halafu jukumu ni la nani. Ile nafasi ya katikati ndiyo iliyonifundisha zaidi. Baada ya wiki tatu niliona maneno yaleyale yakijirudia: "ofisini tunafanya hivi", "nilitaka kazi isisimame", "nilidhani msanifu ndiye mkuu wa saiti".

Hilo la mwisho lilinigharimu maswali mengi. Katika mikataba mingi ya ujenzi, msanifu anasema nini kijengwe, na mkandarasi ndiye anayeamua kijengwe vipi. Jukwaa la mafundi, ngao za kuzuia udongo usiporomoke, mpangilio wa kazi na usalama wa vibarua ni vyake. Msanifu akiona hatari ya wazi anapaswa kusema mara moja na kuandika, lakini akianza kuwaelekeza mafundi namna ya kufunga jukwaa, amejitwika mzigo ambao mkataba haukumpa. Malipo nayo ni hivyohivyo: msanifu anathibitisha kwamba kazi iliyodaiwa imefanyika, lakini anayelipa ni mteja. Na ripoti ya udongo, ambayo nilizoea kuihangaikia mwenyewe, katika mikataba mingi ni wajibu wa mteja kuileta. Nilichora majina matatu kwenye karatasi kubwa, mteja, msanifu, mkandarasi, nikawa nabandika kila wajibu chini ya mwenyewe. Niliitundika ukutani mbele ya meza, na kila nilipobandua karatasi moja na kuihamishia kwa mwingine nilijua nimepata alama.

Kanuni za usalama wa moto nilizisoma kwa njia ile ile ya kuuliza kilichotokea. Zamani nilikariri namba na kuzichanganya. Kwa mfano, kanuni za ujenzi za IBC (International Building Code), zinazotumika Marekani na kuigwa kwingineko, zinataka mlango wa chumba chenye watu 50 au zaidi ufunguke kuelekea upande wa kutokea. Niliposoma kuhusu ukumbi wa maigizo wa Iroquois wa Chicago, uliowaka tarehe 30 Desemba 1903 na kuua watu zaidi ya 600, ambao wengi wao walikuta milango imefungwa, imefichwa kwa mapazia au inafunguka kwa ndani, sikuhitaji tena kukariri. Umati ukiusukuma mlango unaovutwa kwa ndani, mlango haufunguki. Na yule anayejiuliza kwa nini mlango wa kuzunguka lazima uwe na mlango wa kawaida ubavuni asome kuhusu moto wa Cocoanut Grove, klabu ya usiku ya Boston, Novemba 1942. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, ukakwama kwa miili, na watu 492 wakapoteza maisha. Vivyo hivyo kanuni ya kutenganisha milango miwili ya kutokea kwa umbali usiopungua nusu ya mshazari wa chumba, yaani mstari wa kona hadi kona ya mkabala: moto mmoja usizibe yote miwili. Ukiijua sababu, hata ukisahau namba unaweza kuondoa majibu mawili yasiyo na maana na kubaki na mawili ya kupimana.

Sehemu ya miundo, yaani hesabu za nguvu za boriti na nguzo, nilikuwa naiogopa. Kilichonisaidia ni kuacha kutazama fomula kama maandishi na kuzitazama kama uwiano. Boriti iliyoegemea ncha mbili na kubeba mzigo sawasawa urefu wote: ukiongeza urefu mara mbili, nguvu ya kuipinda inakuwa mara 4, na inabonyea mara 16. Ukiongeza kina chake mara mbili, ugumu unakuwa mara 8, ila ukiongeza upana mara mbili, ugumu ni mara 2 tu. Chukua rula yenye upana wa milimita 30 na unene wa milimita 3, uiweke bapa kati ya vitabu viwili na kuibonyeza, kisha uisimamishe kwa ubavu. Ikisimama ni ngumu mara 100 kuliko ikilala. Nilikaa na rula ile mezani muda wote wa maandalizi, na maswali mengi ya miundo niliyoyakuta yalihitaji ufahamu huo kuliko kikokotoo.

Kuhusu ratiba sina mengi. Saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili na nusu, siku tano kwa wiki, kwa wiki kumi na nne. Jioni nilijaribu, lakini akili iliyochora mchana kutwa haishiki kitu. Makosa ya kwenye daftari niliyarudia baada ya siku moja, kisha tatu, kisha saba, kisha ishirini na moja. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliandika tangu mwaka 1885 jinsi tunavyosahau haraka siku za mwanzo, na kurudia kwa kuachanisha siku kulinifaa kuliko kukesha.

Benki za maswali nizitaje kwa tahadhari. Zinafaa kupima, ila zinaharibu ukianza kulikumbuka jibu bila hoja yake. Nilikuwa na kikundi cha watu watatu tunaozungumza kwa simu kila Jumamosi, na sharti letu lilikuwa moja: hutaji herufi ya jibu, unaeleza kwa nini yale mengine si sahihi. Mmoja wetu alikuwa mkimya sana, na ndiye aliyekuwa anatufumbua macho kila mara, kwa sababu alikuwa akiuliza, "Na hayo yameandikwa wapi kwenye mkataba?"

Siku ya mtihani nilipita maswali yote mara moja nikijibu ninayoyajua, nikaweka alama kwenye mengine na kusonga. Yale yanayokuja na rundo la michoro na hati nilisoma swali kwanza, ndipo nikafungua hati nikitafuta kitu kimoja. Mara mbili za nyuma nilianza kusoma hati zote na muda ukaniishia.

Nilifaulu. Miezi miwili baada ya kupata leseni, mkandarasi alileta mchoro wa karakana wa kibaraza cha chuma. Boliti nne zilikuwa zimehamishwa kidogo zisigongane na bomba la maji. Alinipigia simu asubuhi, akanipigia tena mchana, akasema kiwanda kinasubiri na kwamba ni sentimita nne tu. Nikamwambia mchoro uko kwa mhandisi. Ulikaa huko siku mbili. Uliporudi, mhandisi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa kiungo: bamba liongezwe unene.