Nilivyokikuta kinyume kwenye kurasa za mwisho

Siku ya kwanza niliingia maktabani saa tatu asubuhi nikatoka saa kumi na mistari minne tu daftarini. Kwenye katalogi ya kompyuta nilikuwa nimeandika "watoto", ikaniletea chanjo, lishe, sheria na malezi ya mayatima. Nikaongeza "michezo", nikapewa kandanda. Nilichokuwa nikikitaka mimi ni yale mambo ambayo watoto hupokezana wenyewe kwa wenyewe bila mwalimu kuwafunza: vitendawili, nyimbo za kuruka kamba, vile wanavyohesabiana ili ajulikane nani atafumba macho kwenye kibemasa. Nafundisha shule ya msingi hapa kisiwani Mombasa, na jioni nasoma shahada ya pili. Msimamizi wangu alishasema hataki hata kuliona pendekezo lisilo na machapisho ya awali.

Siku ya pili nilimfuata mkutubi wa zamu, mama mtu mzima ambaye miwani yake huning'inia shingoni kwa uzi. Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hao waliokusanya zamani walikuwa wakitafuta nini?" Nikajibu kwamba walitafuta lugha, wapate kutafsiri vitabu vyao vya dini. "Basi watafute huko kwenye lugha. Watoto hawakuandikiwa kitabu chao. Walitiwa nyuma ya vitabu vya wakubwa."

Akachukua kipande cha karatasi akaandika GR, GV na PL 8701. Maktaba ile hupanga vitabu kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani: GR ni mila na ngano za watu, GV ni michezo na burudani, na PL 8701 ndipo Kiswahili kinapoanzia. Kwenye GR hapakuwa na cha pwani hata kimoja kilichonifaa. Nilikuta hapo kitabu cha Iona na Peter Opie kilichotoka Uingereza mwaka 1959, kuhusu maneno na mizaha ya watoto wa shule, nikakisoma kwa wivu. Wale mume na mke waliwaendea watoto wenyewe, maelfu yao, hawakuwauliza wazee walichokumbuka. Hilo nililiandika kwa herufi kubwa.

Rafu ya PL ndiyo iliyoniweka wiki mbili. Tenzi na mashairi hapo hukosi. Ya Muyaka bin Haji yana kurasa kwa kurasa, kwa kuwa W. E. Taylor, mmisionari aliyeishi hapa Mombasa, aliyakusanya kwa bidii. Sina ugomvi na Muyaka. Lakini mtoto aliyekuwa akicheza mdako nje ya ukuta wakati mashairi yale yakinakiliwa, nani alimwandika?

Nikaanza na kamusi kuukuu, nikizisoma kama mtu anayechambua mchele. Katika kitabu cha sarufi cha Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu Unguja, kilichochapishwa 1870, orodha ya maneno ina "tinge", mchezo wa kumwigiza kiongozi kila anachofanya, na "tasa", mchezo wa kuguzana. Kila mmoja mstari mmoja, basi. Kwa Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa, nililazimika kumgeukia mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa 1844 na kamusi yake ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Yule mzee ana tahajia za kumtoa mtu machozi. Neno unalolijua tangu utotoni unalipita mara tatu kabla hujalitambua.

Halafu nikafika nyuma kabisa ya kitabu cha Steere, kwenye viambatisho, mahali ambapo wasomaji wengi huwa wamekwisha funga kitabu. Nikakuta mifano ya kinyume. Nilicheka peke yangu hadi kijana wa meza ya pili akageuka. Kinyume ni ile lugha ya kufichana: unachukua silabi ya mwisho ya neno unaiweka mbele. Nyumba inakuwa mbanyu, maji yanakuwa jima. Miaka mia na hamsini na kitu imepita, na mimi nilidhani ni utundu wa mtaa wetu wa Majengo!

Kwa furaha ile nikanakili mifano bila kuandika nambari za kurasa. Kitabu chenyewe ni cha kusomewa mle mle, hakiazimwi. Jumamosi ikanibidi nirudi kwa tuktuk, jua la kaskazi limeshika, nikafika mlango ukifungwa. Nikaenda tena Jumatatu. Tangu hapo kadi yangu huanza na jina la kitabu, mwaka na ukurasa, ndipo neno lenyewe lifuate.

Jioni moja nilimjaribu nyanya. Alikuwa amekaa na mahamri yake na mbaazi. Nikamwambia, "Nyanya, peni icha." Mkono ukasimama juu ya sahani. Bila hata kunitazama akanijibu, "Jango, wahaijati risuka." Yaani ningoje, chai haijatiwa sukari. Hakukosea silabi hata moja, naye ameshapita miaka themanini.

"Nani alokufundisha?"

"Nimekisoma chuoni, nyanya."

"Chuoni?" akacheka mpaka akakohoa. "Sisi chuoni tulitiwa bakora kwa hicho hicho!" Kwake yeye chuo ni kule alikosomea Kurani.

Akanieleza jambo ambalo sikulikuta kwenye kitabu chochote nilichofungua. Jaribu kumficha baba: ukigeuza unapata baba. Mama ni mama, dada ni dada, kaka ni kaka, na nyanya naye harudi nyuma. Watu wale wale ambao mtoto anataka kuwasengenya ndio ambao kinyume kinashindwa kuwaficha. "Sasa mlifanyaje?" Akasema baba walimwita mzee, akawa emze.

Yaliyofuata yalikuwa makaratasi: barua ya chuo kikuu, leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, ruhusa ya mwalimu mkuu, na idhini ya wazazi, mmoja mmoja, wengine wakiniuliza kama watoto wao wamekosa nini. Nilianza na tinge. Hakuna aliyelijua jina hilo. Mchezo wa kuguzana wanaucheza kila mapumziko, ila si kwa jina la tasa. Kinyume sikuwauliza. Niliogopa nikikitaja mimi watanipa kile wanachodhani nakitaka, kwa hiyo nikawa nakaa tu chini ya mwarobaini na madaftari ya kusahihisha.

Siku ya nne nilipoinuka kwenda bombani, msichana mmoja wa darasa la tano akawageukia wenzake waliokuwa wamejikunyata nyuma ya darasa na maembe mabichi, akasema haraka haraka, "Mumwali jaanaku!" Maembe yakaingia mifukoni. Nikapita kama sikusikia, nikafungua bomba, nikatoa kadi.