Jinsi nilivyomaliza pancha za miiba za baiskeli kwenye njia za msituni, Dodoma

Pancha inayorudi dakika chache baada ya kuzibwa mara nyingi si kosa la kiraka. Ncha ya mwiba wa mgunga hukatikia ndani ya tairi, ikatoboa tyubu palepale. Mwendeshaji mmoja akikwama hivyo, kundi zima linasimama juani.

Nilivua tairi lote, nikaligeuza ndani nje, nikapitisha kitambaa cha pamba taratibu. Kinaponasa ndipo penye ncha. Ichomoe kwa koleo ndogo. Kwenye tyubu, piga msasa mpaka mng'ao uishe, paka solusheni (gundi ya kiraka) nyembamba, subiri dakika 5 ikauke. Wengi hubandika ikiwa mbichi, kiraka kikateleza.

Kinga yenyewe ni maji ya kuziba pancha: toa kiini cha valvu (hakikisha valvu yako inafunguka), mimina mililita 100 hivi kwa tairi la inchi 29, zungusha gurudumu. Hukauka haraka kwenye joto, kwa hiyo ongeza kila miezi mitatu.

Upepo nimeuacha psi 30 (kipimo cha presha ya tairi). Ukipungua sana, jiwe hubana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili sambamba. Hayo usiyasingizie miiba.